Hekalu la Artemi wa Efeso liliishia wapi?

*Swali: Shikamoo Profesa. Kanisa letu lilifanya safari ya Uturuki kuona miji ya makanisa saba ya kitabu cha Ufunuo. Efeso tulikuta barabara za marumaru, maktaba na ule ukumbi mkubwa wa maonyesho. Lakini tulipofika penye hekalu la Artemi, ambalo shuleni tulifundishwa ni moja ya maajabu saba ya dunia, tukaonyeshwa nguzo moja tu katikati ya dimbwi. Mwongozaji wetu alisema hekalu liliangushwa na maombi ya Mtume Yohana. Mwenzangu akabisha kwamba nguzo zake zilihamishiwa kanisa la kale la Ayasofya, Istanbul. Ukweli ni upi? Na yale mapunje kifuani mwa sanamu ya Artemi ni matiti kweli?*

Marahaba, mwanangu. Mwongozaji wenu hakuitunga hadithi ile. Imo katika maandishi ya karne ya 2 yanayoitwa Matendo ya Yohana, ambayo kanisa halikuyaingiza kwenye Biblia. Humo Yohana anaomba, madhabahu inapasuka vipande vipande, nusu ya jengo inaporomoka na kumuua kuhani. Simulizi tamu, ila lilipoandikwa hekalu lilikuwa bado limesimama, na Waefeso wakiendelea kutoa sadaka zao kama kawaida.

Jibu fupi ni kwamba hakuna mtu mmoja aliyeliangusha. Liliungua, likajengwa upya, likaporwa, likafungwa kwa amri ya serikali, kisha majirani wakalibeba jiwe moja moja kwa karne nyingi. Kilichowashinda kubeba kikafunikwa na matope ya mto. Jibu refu ndilo linalofuata, na ukiniruhusu nitaanzia kwenye lile dimbwi.

Nguzo mliyoiona haikusalia imesimama tangu zamani. Wanaakiolojia waliipanga mwanzoni mwa miaka ya 1970, kipande juu ya kipande, ili mgeni ajue mahali penyewe. Vipande ni vya kweli lakini havikutoka kwenye nguzo moja, ndiyo maana inaonekana kama imeungwaungwa. Ina kimo cha mita 14 hivi; nguzo za asili zilikaribia mita 18. Juu yake korongo weupe hujenga kiota, na baadhi ya korongo wa Uturuki ndio hawa hawa tunaowaona kwenye mbuga zetu Ulaya inapoingia baridi. Maji nayo hayakutokana na uzembe wa wasimamizi. Pale ukichimba kidogo tu unakutana na maji ya ardhini, na imekuwa hivyo tangu enzi za hekalu lenyewe.

Watu wengi hushangaa kwa nini jengo kubwa kiasi kile lilijengwa kwenye kinamasi wakati kilima cha Ayasuluk kiko hapo hapo nyuma. Plinius, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, anasema walichagua ardhi ya majimaji ili tetemeko la ardhi lisilitikise jengo, na kwamba chini ya msingi walitandika mkaa ulioshindiliwa na ngozi za kondoo zenye manyoya. Huenda wajenzi waliamini hivyo. Mimi naona sababu kubwa ni nyepesi zaidi: mahali pale palikuwa patakatifu kabla ya marumaru kufika, na huwezi kumhamisha mungu kwa sababu miguu yako inalowa. Zamani ufuko wa bahari ulikuwa karibu sana, palikuwa na chemchemi, na watu waliabudu hapo vizazi na vizazi kabla ya hekalu kubwa kufikiriwa.

Ushahidi uko chini ya ardhi. Mwaka 1904 na 1905, David George Hogarth, Mwingereza aliyetumwa na British Museum, alichimba katikati kabisa ya hekalu huku pampu ikivuta maji mchana kutwa. Chini ya jukwaa la kati akakuta mali ya mungu: vito vya dhahabu, vinyago vya pembe za ndovu, na sarafu zaidi ya 90 za mchanganyiko wa dhahabu na fedha, nyingine zikiwa na kichwa cha simba. Hizo ni miongoni mwa sarafu za kale kabisa duniani. Baadaye Anton Bammer wa Austria, aliyechimba hapo kuanzia mwaka 1965 hadi miaka ya 1990, alionyesha kwamba palikuwa na hekalu dogo lililozungukwa na nguzo za mbao, la karne ya 8 au ya 7 KK, na kwamba mafuriko yalilifunika kwa mchanga. Kwa hiyo matope yalikuwa yameanza kazi yake kabla hata lile hekalu maarufu halijajengwa.

Hilo maarufu la kwanza lilianzishwa karibu mwaka 560 KK, wakati Mfalme Croesus wa Lydia alipoitwaa Efeso. Herodotus, mwanahistoria wa kale wa Kigiriki, anasimulia kisa ninachokipenda: mji ulipozingirwa, Waefeso walifunga kamba kutoka kwenye hekalu hadi kwenye ukuta wa mji, umbali wa zaidi ya kilomita moja, ili mji wote uwe umeshikamana na mungu na uhesabiwe kuwa mali yake. Croesus aliutwaa hivyo hivyo. Lakini akageuka kuwa mfadhili: Herodotus anasema alitoa ng'ombe wa dhahabu na sehemu kubwa ya nguzo. Kwa kawaida habari za namna hii tunazipokea kwa tahadhari, ila hii ina hati yake. London kuna vipande vya tako la nguzo vyenye mabaki ya maandishi yanayosomeka kwamba Mfalme Croesus ndiye aliyetoa.

Ukubwa wake ulikuwa takriban mita 115 kwa 55. Parthenon ya Athens, ambayo kila mtu anaijua, ina kama mita 70 kwa 31. Plinius anahesabu nguzo 127 na miaka 120 ya ujenzi. Wataalamu bado wanabishana kuhusu hesabu ya nguzo, lakini hakuna anayekataa kwamba mgeni aliyeingia alijiona yuko kwenye msitu wa mawe.

Usafirishaji wa mawe hayo ndio unaonisisimua kuliko hata urembo wake. Mashamba yale yalikuwa laini, na mkokoteni uliobeba kipande cha nguzo ungezama magurudumu yote. Vitruvius, mhandisi wa Kirumi, ameandika walivyofanya. Msanifu Chersiphron wa Knossos, Krete, alichoma vyuma kwenye ncha mbili za kila kipande cha nguzo na kuvikaza kwa risasi iliyoyeyushwa, akaweka fremu ya mbao kukizunguka, akafunga ng'ombe. Jiwe lenyewe likawa gurudumu, likabiringika hadi kazini. Mawe marefu ya mraba ya kulaza juu ya nguzo hayabiringiki, basi mwanawe Metagenes akayatengenezea magurudumu ya kipenyo cha futi 12 kila upande, jiwe likikaa katikati kama ekseli. Plinius anaongeza kwamba jiwe la juu ya mlango lilikataa kukaa sawa, mzee Chersiphron akafikia kutaka kujiua, na usiku Artemi akamtokea kumwambia amekwisha kuliweka mwenyewe. Asubuhi likaonekana limekaa. Mafundi tunaweza kueleza kwa njia nyingine: jiwe zito hukaa lenyewe taratibu kwa uzito wake.

Mwaka 356 KK likaungua. Marumaru haiungui kama mbao, lakini paa na dari vilikuwa vya mbao, na magogo makubwa yanapowaka juu ya nguzo, joto hupasua jiwe. Aliyetia moto alikuwa mtu mmoja aitwaye Herostratus, ambaye alikiri kwamba alitaka jina lake likumbukwe. Waefeso wakapiga marufuku kulitaja. Mwanahistoria mmoja wa zama hizo, Theopompus, akaliandika hata hivyo, ndiyo maana mimi na wewe tunalijua. Ikadaiwa pia kuwa usiku ule ule alizaliwa Aleksanda Mkuu, na kwamba Artemi, mlezi wa wanawake wajifunguao, alikuwa amekwenda kumhudumia mama yake. Aleksanda alipofika mwaka 334 KK alijitolea kulipia ujenzi wote, kwa sharti jina lake liandikwe. Waefeso hawakuzitaka fedha zake, ila jibu lao limeingia kwenye historia: haifai mungu kuwatolea miungu wenzake zawadi.

Wakajenga wenyewe, mahali pale pale, kwa ramani karibu ile ile. Mabadiliko makubwa yalikuwa kuinua jukwaa kwa zaidi ya mita mbili juu ya sakafu ya zamani. Hapo tena unaona matope: ardhi ya kuzunguka ilikuwa imepanda. Hekalu hili la pili ndilo lililoingia kwenye orodha ya maajabu saba, na ndilo Paulo alilolikuta.

Usilifikirie kama nyumba ya ibada peke yake. Lilikuwa benki. Fedha za miji, za wafalme na za watu binafsi ziliwekwa humo kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwibia Artemi. Xenophon, askari na mwandishi wa Athens, akielekea vitani alimwachia mtunza hekalu fedha zilizotengwa kwa ajili ya Artemi. Miaka ikapita, mtunza hekalu akasafiri kwenda kutazama michezo ya Olympia, akazichukua zile fedha na kumkabidhi mwenyewe. Xenophon akanunua shamba huko karibu na kujenga hekalu dogo kwa mfano wa lile la Efeso. Hiyo ni amana iliyovuka bahari bila risiti.

Lilikuwa pia kimbilio. Mdaiwa, mtumwa mtoro au mshindwa wa kisiasa akiingia kwenye mipaka yake haguswi. Mipaka hiyo ikawa inavutwavutwa. Strabo, mwanajiografia wa kale, anaeleza kwamba Aleksanda aliisogeza. Mfalme Mithridates akapanda kwenye pembe ya paa, akapiga mshale, na pale ulipoangukia ndipo pakawa mpaka mpya. Marcus Antonius, jemadari wa Kirumi, akaiongeza mara mbili hadi ikameza sehemu ya mji. Matokeo unaweza kuyabashiri: mtaa mzima ukajaa wahalifu, mpaka Kaisari Augusto akaufuta upanuzi huo. Na Antonius huyo huyo ndiye aliyeagiza Arsinoe, mdogo wake Kleopatra malkia wa Misri, aliyekuwa amekimbilia kwa Artemi, auawe mwaka 41 KK. Mpaka wa mshale haukumfaa kitu.

Ukijua hayo, Matendo ya Mitume sura ya 19 inasomeka vizuri zaidi. Demetrio, mfua fedha aliyechochea ghasia dhidi ya mahubiri ya Paulo, hakuwa akitetea imani tupu. Alikuwa na mafundi wanaotengeneza vihekalu vya fedha, na juu yao ulisimama uchumi wa mji mzima: mahujaji, wauza sadaka, waweka amana, wenye nyumba za wageni. Watu walipiga kelele kwa muda wa saa mbili kwenye ukumbi ule mliouona, na aliyewatuliza ni karani wa mji, aliyejua Warumi hawapendi ghasia. Baada ya hapo Artemi aliendelea kwa zaidi ya miaka 200. Mwaka 104 BK, nusu karne baada ya Paulo, tajiri mmoja, Gaius Vibius Salutaris, alitoa sanamu nyingi za dhahabu na fedha ziwe zinabebwa kwa maandamano kutoka hekaluni hadi ukumbini na kurudi. Masharti ya zawadi hiyo yalichongwa kwenye mawe ya ukumbi. Ushike huo mchongo, nitaurudia.

Mwisho ulianza miaka ya 260 BK. Wagothi, watu wa kabila la kaskazini, walikuja kwa merikebu, wakapora na kuchoma. Mji ulikuwa tayari umechoka, na hekalu halikupata tena hadhi yake. Mwaka 391 na 392 amri za Kaisari Theodosius zikapiga marufuku sadaka na kufunga mahekalu. Hapa utasikia kwamba Yohana Krisostomo, askofu mkuu wa Konstantinopoli, aliongoza kundi la kulibomoa mwaka 401. Kweli alifika Efeso wakati huo, lakini kwa ugomvi wa maaskofu; habari ya kubomoa imejengwa juu ya maneno machache ya sifa yaliyosemwa baada ya kufa kwake. Siipi uzito. Kilicho imara zaidi ni jiwe lililopatikana mjini ambamo mtu aitwaye Demeas anajisifu kuwa ameiondoa sanamu ya pepo Artemi na kusimamisha msalaba mahali pake. Maneno yake yanahusu sanamu moja. Hekalu hakulitaja.

Kilichofuata hakikuhitaji chuki ya dini. Jengo lisilo na mwenyewe, lenye maelfu ya tani za marumaru iliyokwisha kuchongwa, chini ya kilima ambacho watu walikuwa wakihamia! Karne ya 6 Kaisari Justiniani alijenga kanisa kubwa la Mtakatifu Yohana juu ya Ayasuluk, na vipande vya marumaru ya hekalu vimetambuliwa ndani ya majengo ya baadaye kilimani pale. Msikiti wa İsa Bey wa mwaka 1375, ule mliouona hatua chache kutoka kwenye dimbwi, nao ulikula mawe mengi ya magofu. Na yaliyokuwa madogo au yenye michongo isiyofaa kwa ukuta yaliingia tanuri. Marumaru ukiichoma inakuwa chokaa, sawasawa na matumbawe yanavyochomwa pwani yetu, Lamu hadi Kilwa. Wachimbaji wa karne ya 19 walilikuta tanuri la chokaa ndani ya eneo la hekalu, na pembeni yake vigae vya marumaru vilivyokuwa vikisubiri zamu. Sanamu ngapi ziliishia kuwa lipu ya ukuta wa mtu, hakuna atakayezihesabu.

Mto Küçük Menderes, ambao wazee waliuita Kaystros, ukamalizia. Mto huo hubeba udongo mwingi kutoka bara, na kwa karne zote umekuwa ukiisukuma bahari. Ndio ulioua bandari ya Efeso. Leo pwani iko kilomita kadhaa kutoka kwenye magofu. Juu ya sakafu ya hekalu uliweka mita 6 hivi za udongo. Wakulima wakalima juu yake bila kujua, na wasomi wakawa wanabishana hekalu lilikuwa wapi.

Aliyelipata ni John Turtle Wood, msanifu wa majengo kutoka Uingereza, aliyekuja kuchora stesheni za reli ya Smyrna hadi Aydın. Alianza kulisaka mwaka 1863, akatoboa mashimo huku na huko bila mafanikio. Kisha akachimba ukumbi wa maonyesho, na akakuta mchongo wa Salutaris. Ndani yake palitajwa njia ya maandamano: kutoka hekaluni, yanaingia mjini kwa Lango la Magnesia, yanarudi kwa Lango la Koressos. Wood akafikiri vizuri. Ukilipata lango, utapata barabara. Ukiifuata barabara, lazima ifike hekaluni. Akalipata Lango la Magnesia, akaifuata barabara ya kale chini ya mashamba ya watu, mita kwa mita. Mwaka 1869 akagonga ukuta wa mipaka wenye maandishi ya Kaisari Augusto, na tarehe 31 Desemba mwaka huo huo mafanyakazi wake wakafika kwenye sakafu ya marumaru. Kwa hiyo tajiri aliyetaka asisahaulike, safari hii kwa njia ya heshima, ndiye aliyetuonyesha njia.

Wood alichimba hadi 1874 na kilicho bora kikapelekwa London kwa kibali cha Waosmani. Ukipata nafasi ya kufika British Museum, tafuta kipande cha chini cha nguzo chenye watu wa kimo cha kawaida waliochongwa kukizunguka: Hermes na fimbo yake, mwanamke aliyejitanda, na kijana mwenye mabawa na upanga, ambaye wengi wanamtambua kuwa Mauti. Plinius alisema nguzo 36 zilichongwa namna hiyo. Ukisimama mbele ya hicho kipande kimoja utalielewa hekalu kuliko ukikaa saa nzima kwenye dimbwi.

Sasa sanamu. Zile mbili kubwa za marumaru zilizo kwenye jumba la makumbusho la Selçuk zilipatikana mwaka 1956, na hazikutoka hekaluni. Zilikuwa zimefukiwa kwenye jengo la serikali ya mji. Ni nakala za zama za Warumi. Sanamu yenyewe iliyoabudiwa ilikuwa ya mbao na imepotea. Kuhusu mapunje, waandishi wa Kikristo wa kale ndio walioeneza kwamba ni matiti, na si ajabu mwongozaji wenu akasema hivyo. Lakini hayana chuchu, na yananing'inia chini ya mahali pa matiti. Tena Zeus wa Labraunda, mungu wa kiume wa nchi jirani, alichongwa na mapunje ya aina hiyo hiyo kifuani. Wengine wamesema ni korodani za fahali waliotolewa sadaka, wengine mayai, wengine mifuko ya ngozi ya baraka. Mimi naegemea upande wa mapambo. Bammer alikuta kwenye tabaka la lile hekalu dogo la awali shanga za kaharabu zenye umbo la tone, zilizotobolewa ili zivalishwe. Sanamu ya mbao ilivishwa nguo na vito kila sikukuu, na naona wachongaji wa baadaye waliyageuza mavazi hayo kuwa marumaru.

Na Ayasofya, mwambie mwenzako kwamba zile nguzo kubwa za kijani zinazotajwa ni za marumaru ya Thesalia, iliyochimbwa Ugiriki. Nguzo za Artemi zilikuwa za marumaru nyeupe ya milima ya Efeso yenyewe, na zilikuwa ndefu na nene mno kuweza kuwa hizo. Mkirudi huko, msianzie kwenye dimbwi. Pandeni kwanza kwenye magofu ya kanisa la Mtakatifu Yohana, mtazame bondeni: nguzo, msikiti na uwanda wote wa mto mtaviona kwa mpigo mmoja, kisha mteremke mkiangalia mawe ya kuta njiani.